Kazi za Kukaa

Kilichoninyima usingizi juzi ni jambo ambalo watu wenye shughuli zao wataliona dogo: mtu akialikwa redioni kutoa maoni, aanze na salamu au aanze na hoja? Nililigeuza upande huu na upande ule mpaka mama mdogo, ninayeishi kwake hapa Kilwa Masoko, akagonga ukuta na kuniuliza kama nina malaria. Nikamwambia nafikiria. Akasema afadhali ingekuwa malaria, ina dawa.

Asubuhi nilitoka kununua maandazi, na karibu na soko nikakuta mtu anachoma korosho na maganda yake. Kama hujawahi kukaa karibu na moshi huo, nikwambie tu kwamba hauna adabu. Unaingia puani bila hodi, unawasha macho, kisha unahamia kwenye nguo na kukaa humo kama ndugu aliyekuja kwa siku mbili. Nilisimama pale na maandazi yangu, machozi yananitoka, na mara moja nikawa nimerudi Mchinga, uani kwa Bibi, mtoto wa miaka tisa au kumi, na redio iko katikati ya mkeka.

Bibi huyu ni mzaa baba. Yeye na wanawake wenzake walikuwa wanabangua korosho kila alasiri. Korosho zikishachomwa kwenye karai la bati, zinamwagwa mchangani zipoe, kisha kila mtu anachukua jiwe lake na kigongo chake, anapaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasimbabue, na kazi inaanza: ko, ko, ko. Saa kumi ilipofika, mawe yote yalinyamaza kwa ajili ya taarifa ya habari. Ikiisha, redio ilizimwa ili kunusuru betri, ambazo mchana kutwa zilikuwa zimeanikwa juani kama dagaa, na hapo ndipo habari zenyewe zilipoanza. Pale uani palikuwa na sheria moja: hubangui kama huna maoni.

Walijadili kila kitu. Kuna siku redio ilisema wataalamu wa anga wameiondoa sayari moja kwenye hesabu ya sayari. Bibi aliweka jiwe chini.

"Imekosa nini?"

"Ndogo, wifi," alijibu Bi Fatu, dada yake marehemu babu yangu. "Halafu iko mbali."

"Kumbe ndiyo kosa. Basi na sisi wa Mchinga tujiandae."

Gesi ya mkoani kwetu nayo ilimuudhi. Alisema imezaliwa huku, imekwenda Dar es Salaam, na tangu iende haijarudi hata kusalimia. Kwa tabia hiyo hakuona tofauti yake na watoto waliosomeshwa. Wala sisemi kwamba Bibi alikuwa sahihi siku zote. Alishikilia kwa muda mrefu kwamba mnara wa simu ndio unaozuia kuku wake kutaga, mpaka kenge alipokutwa bandani ameshiba, amelala. Hata hapo alisema kenge ameletwa na mnara.

Mimi kazi yangu pale ilikuwa kuwa redio wakati redio imezimwa. Nilishika mwiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti na kuwasomea taarifa upya kwa sauti nzito, kwa Kiswahili kile cha watangazaji, nao wakicheka mpaka wanakosea kupiga. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Siku moja tulichelewa kuzima redio, na kwenye kipindi cha baada ya taarifa alikuja mgeni, mtaalamu wa mambo ya kilimo, akasema mashine za kubangua korosho zinakuja. Zitawakomboa akina mama, alisema, na kazi hii ngumu ya kienyeji. Mtangazaji akafurahi, akakaribisha wasikilizaji wapige simu.

Uani hapakuwa na furaha ya namna hiyo, ila palikuwa na ugomvi mtamu. Bi Fatu aliitaka mashine. Alionyesha vidole vyake vilivyobabuka, akauliza nani atalilia kazi inayomla ngozi.

"Wewe unataka mashine ili ukalale," alisema Bibi.

"Nataka mashine ili nipumzike na mdomo wako, wifi."

"Sawa. Ije. Lakini mbona haiji ya kuchota maji? Mbona haiji ya kulima, ya kupasua kuni, ya kupanda kutoka kule chini na ndoo kichwani? Siku nzima nimesimama, hakuna anayenikomboa. Nikikaa tu na wenzangu, nikawasha redio yangu, ndipo mtu anatoka mjini kunikomboa."

 Hata Bi Fatu alisema hilo sasa ni swali. Ndipo wakakubaliana kwamba swali hili lazima lifike redioni leo leo, kabla mtaalamu hajaondoka, maana akishaondoka mashine nayo itakuwa imekwisha kuamuliwa. Nani aulize? Bibi alisema akikasirika anaingia Kimwera, lugha ya kwao. Bi Fatu alisema yeye atatukana. Macho yote yakanigeukia mimi na mwiko wangu.

Nilikaririshwa kama madrasa: "Mbona kila mashine mnayoleta inachukua kazi za kukaa, na za kusimama mnatuachia sisi?" Nikalirudia mpaka likakaa kichwani.

Simu pale ilikuwa moja, ya Bi Fatu, na mtandao ulikuwa mahali pamoja tu: juu ya nguzo ya baraza ya Bibi, ndani ya kifuu kilichopigiliwa misumari. Simu ilikaa humo. Ukiitoa, inakata. Mwenye kuongea alitakiwa kusogeza kichwa kifuuni, si kinyume chake. Nikapandishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shavu limebanwa kwenye nguzo, kama mtu anayesikiliza siri za nyumba.

Simu ikapokelewa. Mtangazaji akaniomba nipunguze sauti ya redio, maana ilikuwa inapiga mwangwi. Niliwapa wanawake ujumbe. Hapo nikagundua kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa tayari kupunguza redio siku ambayo uani kwao kunaongea redioni. Wakaibeba, wakakimbia nayo hadi mwisho wa minazi, kundi zima, wameinama juu yake. Nikabaki peke yangu na nguzo.

"Haya, nani mwenzetu, unapiga kutoka wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una maoni gani?"

Ningesema swali pale pale, leo nisingekuwa na kisa. Lakini tangu utoto mimi ni mtu wa kufikiri kwanza. Nikafikiri: hawa wazee wako kule wanasikiliza. Nikiingia kwenye hoja bila kuwataja, nitakuwa mtoto asiye na adabu, tena mbele ya nchi nzima. Na huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine. Na Bibi ni mkubwa, lakini simu ni ya Bi Fatu.

"Kwanza namsalimia Bibi yangu," nikasema, "pamoja na Bi Fatu mwenye simu, wote sawasawa."

Nikaendelea. Niliwasalimia wanawake wa uani mmoja mmoja, kisha waume zao ili kusiwe na maneno, kisha mwalimu wangu wa madrasa, kisha mwalimu mkuu, maana huyu wa madrasa akitajwa peke yake yule wa shule ataonaje?

"Vizuri sana," alisema mtangazaji. "Sasa hoja yako, mwanangu."

"Namsalimia pia babu yangu, ambaye ni marehemu."

Mtangazaji akashusha sauti.

"Poleni sana."

"Asante, tumeshapoa. Sasa nakuja upande wa mama, ambao wako Kilwa..."

Vocha ikaisha.

Wanawake walirudi mbio, kanga mkononi, Bi Fatu mbele, analia kwa furaha. Jina lake limesikika Lindi, Kilwa, hadi Songo Mnara, na limesemwa sawasawa na la wifi yake. Nilibebwa juu juu. Bibi alikuja nyuma taratibu, redio kwapani, akasubiri kelele zipungue.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wa kike, "umesalimia mpaka walioko kaburini. Swali letu liko wapi?"

Nikamwambia bado ninalo.

"Basi litunze," akasema, akacheka, akachukua jiwe lake.

Mashine zilikuja. Zilifungwa kwenye banda kando ya barabara, na wanawake wachache wakachukuliwa kuzilisha korosho, Bi Fatu akiwemo. Alirudi siku ya kwanza akiwa ameshika kiuno. Vidole vilikuwa salama. Alisema banda zima halina hata kigoda, na mashine inanguruma kiasi kwamba mtu akikutukana inabidi arudie. Bibi hakuchukuliwa. Aliendelea kuwasha redio saa kumi, peke yake mkekani, na mara nyingi aliizima kabla taarifa haijaisha. Mimi nilidhani anabana betri.

Nimesoma, nimepata shahada, nikapata na kazi Dar es Salaam: meza, kiti cha kuzunguka, kujibu ujumbe wa wateja na kuandika muhtasari wa vikao. Mwaka jana ofisi ikaleta akili mnemba. Bosi alitukusanya akasema itatukomboa na kazi ndogondogo ili tufanye kubwa. Mpaka leo ninaitafuta hiyo kubwa. Sisi wa mezani tulipunguzwa. Waliobaki ni mlinzi, dada wa usafi na mleta chai, na wote watatu kazi zao hufanywa kwa miguu. Nilipofika Mchinga na begi langu, Bibi alikuwa barazani. Alinitazama, akageuka kwa Bi Fatu, akasema, "Gesi imerudi."

Mimi si adui wa mashine. Hiyo hiyo akili mnemba sasa inaniandikia barua za kuomba kazi, nzuri kuliko zangu, na ninashuku kwamba huko zinakokwenda ipo nyingine inayozisoma na kuzikataa. Zinaandikiana kwa heshima zote, na mimi ninakula maandazi ya mama mdogo. Wala siwachukii wakubwa wanaotuambia redioni kila wiki kwamba vijana tujiajiri. Ningependa tu kumsikia mmoja ambaye amewahi kujaribu. Lakini kitu ninachokikosa zaidi si mshahara, ingawa naukosa. Ni ile saa ya chai pale ofisini, wote tumekaa, kila mmoja anaichambua habari ya siku kana kwamba nchi inatusubiri sisi. Ndipo nilipoelewa kwa nini Bibi alikuwa anazima redio mapema. Betri zilikuwa nzima. Hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Basi juzi redio ya hapa Kilwa ikanialika nikaongee, kama kijana msomi, kuhusu akili mnemba na ajira. Mgeni mwingine angekuwa mtaalamu, na alikuwa anakuja kutukomboa. Kutoka pale sokoni kwenye moshi, nikampigia Bibi.

"Marahaba, gesi. Umeamkaje?"

Nikamweleza mwaliko.

"Ni mashine gani hizo?"

"Za kufanya kazi za watu, Bibi."

"Za kukaa au za kusimama?"

"Za kukaa."

"Hawajabadilika," akasema. Kisha akauliza kama lile swali bado ninalo. Nikasema ninalo, ila sijui nimsalimie nani kwanza. "Mke mwenzangu, Bi Fatu ana simu mbili siku hizi. Akitaka salamu, mpigie."

Mama mdogo hakuwa na msimamo huo. Yeye ni upande wa mama, ule uliokatiwa vocha, na kila Idi huwa anakumbusha kwamba wao hawakusalimiwa. Alinisindikiza mpaka mlangoni akasema hana neno, ila redio itakuwa imewashwa na majirani wameitwa.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Mtaalamu alikuwa ameshakaa. Mtangazaji akavaa vipokea sauti, akanitabasamia, akasema, "Karibu sana dada, wasalimie wasikilizaji wetu."

Nilivuta kiti, nikakaa vizuri, nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. Nikauliza swali la Bibi, lote, kama nilivyokaririshwa. Mtaalamu akaomba maji. Na kwa kuwa muda ulikuwepo wakati anakunywa, nikaanza kusalimia, nikianzia upande wa mama.