Mfarishi wa Zuhura na Mgongo Wake

Mwenzenu mpaka leo nikipita Kivinje najifunika ushungi mpaka puani, na si kwa ucha Mungu, ni kwa aibu tupu, na wala hausaidii kitu maana wananijua kwa mwendo, utasikia tu mtu kibarazani anaita, "Fundiii! Geuza tuone!" halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Sasa kwa kuwa mkasa wenyewe umeshasimuliwa na kila mwenye mdomo kuanzia Masoko mpaka Miteja, na kila mmoja kautia chumvi yake (kuna wanaosema nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu), afadhali nisimulie mwenyewe niliyeufanya kwa mikono yangu miwili na miguu yangu miwili juu ya pedeli.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa pale Masoko. Magauni nashona, sare za shule nashona, mapazia nashona, na sijawahi kufukuzwa na mteja, labda kukimbizwa mara mbili tatu hivi. Dada yangu Hadija ana binti, Zuhura, mtoto mpole mpaka unamwonea huruma, na huyu Zuhura akapata mchumba wa Kivinje. Kijana hana neno. Mwenye neno ni mama yake, Bi Fatma, ambaye alikuwa amekwishajipangia kumwozesha mwanawe binti wa kaka yake kule Njinjo, na kijana alipokataa, yule mama akanuna. Jamani, kuna watu wananuna na kuna Bi Fatma. Siku tulipopeleka posa alitujibu salamu kwa kichwa. Chai alituletea, lakini aliitua kama mtu anayetua gunia la chokaa.

Ndoa ikapangwa Ijumaa, na vyombo vya bibi harusi vipelekwe kwa mume Jumatano. Dada akaniita pembeni akaniambia, "Saida, yule mama anatafuta sababu. Sitaki chombo cha mwanangu hata kimoja kiwe na cha kusemwa, hata kijiko." Na mimi, na mdomo wangu huu, nikamjibu, "Kitanda niachie mimi. Nitamshonea mwanao mfarishi ambao Kivinje hawajauona tangu kuzaliwa."

Mfarishi nilikuwa nimeuona kwenye simu. Unachukua kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, halafu unashona maua juu yake yote, na ufundi wenyewe ni kwamba unautoa mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, unayafunika meno yanayokisogeza, basi sindano inabaki inapiga palepale na wewe ndiye unayekipeleka kitambaa kwa mikono, huku, kule, unazungusha, sindano inachora utakavyo. Yule mama wa kwenye simu alikuwa anafanya huku anaongea na kutabasamu. Nikasema kumbe rahisi.

Pale Masoko mtu anayeujua ufundi huo ni mmoja, Mama Benadeta, mwenyeji wa Kipatimu, alifundishwa na masista kule misheni akiwa msichana, na sasa ni mtu mzima wa miwani na maneno machache. Nikamwendea, shikamoo, marahaba, akakubali kunifundisha. Siku ya kwanza akanipa kipande cha shuka kuukuu, akaniambia nichore duara. Siku ya pili, duara. Siku ya tatu, duara! Mimi harusi inakuja, yeye ananichoresha maduara kama mtoto wa chekechea.

"Mguu na mkono viende mwendo mmoja," ananiambia. "Mguu ukikimbia na mkono ukilala, mshono unajazana. Mkono ukikimbia, unapata hatua za twiga. Na shusha hicho kimkono cha nyuma."

Kimkono chenyewe ni kile cha kuushushia mguu wa cherehani. Nikamwambia, "Cha nini sasa, Mama, na mguu wenyewe tumeutoa?"

"Ndicho kinachobana uzi wa juu. Ukikiacha, huku juu utaona maua, huku chini utaona mchicha. Na kila ukishona shubiri moja, geuza uangalie mgongo."

Nikaitikia, lakini moyoni nikasema huyu bibi ananibania ufundi, ana wivu wa kizee, anaogopa nitamchukulia wateja. Siku ya nne sikurudi. Badala yake nikaweka picha yangu kwenye simu watu wote waione, nimekaa na cherehani, nimeandika: "Fundi Saida, mtaalamu wa mifarishi ya kisasa. Karibuni darasani." Mtaalamu! Wa maduara matatu!

Basi nikaanza. Mguu nimetoa, meno nimefunika, na kile kimkono nikakitazama hivi, nikasema kinashushwa cha nini wakati hakuna cha kushusha, nikakiacha juu. Uamuzi wenyewe haukuchukua muda hata wa kupiga chafya. Nikashona siku nne. Juu, wallahi, maua yalikuwa yanapendeza! Cherehani ilikuwa inanguruma na kukwamakwama, mimi naipiga kofi, naitia mafuta, naendelea. Kugeuza sikugeuza, maana mfarishi ule na pamba yake ulikuwa mzito, nimeukunja begani kama mtu aliyebeba mbuzi, ningeugeuza saa ngapi?

Jumanne asubuhi nikamaliza, nikautandaza, nikaugeuza. Nikaukuta mchicha. Siyo mchicha, ni shamba zima la mchicha, nyuzi zimelegea, zimejikunja, zimefanya vitanzi na viota, ukipitisha kidole kinanasa. Nikakaa chini sakafuni nikalia, nakwambieni ukweli, nikalia mpaka kamasi, maana nilimwona Bi Fatma anaushika, anaunyanyua kwa vidole viwili, na nilimwona Zuhura anaishi miaka yote ya ndoa yake anaambiwa alikuja na matambara.

Mtu mwenye akili angemkimbilia Mama Benadeta. Mimi nikakimbilia sanduku langu. Nikasema mgongo ule naufunika, nautia kitambaa kingine, nashona tena juu yake, nani atajua? Nikapata doti ya kanga mpya kabisa, nyekundu na nyeupe, rangi zilezile za mfarishi, nilikuwa nimeinunua zamani nikaitia sandukuni. Nikaviunga vipande viwili, nikailaza mezani uso chini, mfarishi juu yake, nikaanza upya. Na kwa hofu niliyokuwa nayo safari hii nilifanya yote: kimkono nikashusha, uzi nikajaribu kwanza kwenye kipande kibovu, mguu na mkono nikavipeleka mwendo mmoja, taratibu, bila kushika simu. Nikakesha, alfajiri nikamaliza. Nikafunua pembe moja kutazama, jamani, mshono umelala sawasawa, umebana, vitone vinalingana, mshono bora kuliko wowote niliowahi kushona tangu nimejua kutunga uzi. Nilikagua mshono mpaka machozi ya furaha yakanitoka. Kitambaa sikukikagua.

Jumatano baada ya adhuhuri tukaenda Kivinje kwa ngoma na vigelegele, Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mbele imebeba kabati na godoro, sisi wanawake nyuma. Mama Benadeta naye alikuwemo (sikumwalika mimi, alialikwa na dada). Kule uani kwa Bi Fatma wanawake wamejaa, majamvi yametandikwa, na mshereheshaji ni Mwanahawa, dada mmoja ambaye akishika kipaza sauti mpaka kuku wanahama. Kazi yake ni kunyanyua chombo kimoja kimoja na kukitangaza. Sufuria, vigelegele. Sahani, vigelegele. Zikija kanga ndiyo raha yenyewe, maana kwetu kanga haionyeshwi bila kusomwa jina lake, Mwanahawa anaitandaza, anasoma kwa madoido, watu wanajibu, wanarusha mikono. Bi Fatma kakaa kwenye kiti chake, mdomo kaufunga.

Ukaja mfarishi. Wakaushika wanne, wakaukunjua, na uwanja mzima ukasema "Yaaah!" Bi Fatma akainuka. Akausogelea. Akapapasa ua moja, akapapasa la pili, akauliza, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu tufike, "Nani kashona?"

Dada Hadija akanitazama kwa macho yaliyojaa maji ya furaha. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema "mimi, Bi Fatma", nikae, ninywe sharubati yangu, nizeeke kwa heshima. Lakini mimi nikakumbuka ule mshono wa nyuma, ulivyobana, ulivyolingana, na Mama Benadeta yuko palepale anatazama. Nikasimama katikati ya watu nikasema, "Mimi, Bi Fatma. Na huko mbele si kitu, mbele hata mwanafunzi anashona. Geuzeni! Geuzeni muone mgongo!"

Wakageuza.

Mwanahawa, kwa mazoea yake, kuona kanga tu kipaza sauti kikapanda mdomoni, akasoma kwa madoido yote, sauti ikafika mpaka barabarani: "NUNA UTAKAVYO MWANAO HATOKI KWANGU!" Na kwa kuwa doti ina vipande viwili na jina limeandikwa kwenye kila kimoja, akashuka chini akalisoma tena.

Kigelegele kimoja kilianza huko nyuma kikafia njiani. Na mimi ndipo nilipoikumbuka ile kanga. Niliinunua mwaka ule niliogombana na mama mkwe wangu mwenyewe, nikaiogopa, sikuivaa hata siku moja, nikaisahau chini ya sanduku mpaka yule mama akafariki, Mungu amrehemu. Kumbe ilikuwa inanisubiri.

Bi Fatma hakupiga kelele. Alisema polepole, "Sawa. Ujumbe nimeupata. Pakieni vyombo vyenu."

"Bi Fatma, tafadhali," dada yangu akaanza.

"Hadija, pakieni. Kama ndivyo mnavyoingia, mtakaaje?"

Kina mama wa Kivinje wakaanza kunyanyua sufuria. Kabati lilikuwa bado halijafunguliwa kamba. Dada yangu hakunitukana, angenitukana ningepona, alinitazama tu, na mimi nikamwona Zuhura kule nyumbani, mikono imejaa hina, anasubiri tumwambie ilivyokuwa. Nikaelewa kwamba kuna neno moja tu la kumwokoa yule mtoto, nalo litanimaliza mimi.

Nikamnyang'anya Mwanahawa kipaza sauti. "Sikutaka kumtukana mtu," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye spika. "Nilikuwa naficha. Chini ya kanga hii kuna mshono mbaya kuliko yote niliyoshona, nikaogopa mtauona. Nipeni wembe."

Nikapewa wembe. Sasa jamani, ule mshono! Mara ya kwanza maishani nimebana uzi unavyotakiwa, na ndio siku ninayotaka ufumuke. Nakata, hautoki. Navuta, hautoki. Jasho linanitiririka, mimi nimepiga magoti nafumua ua moja moja, mpaka Mama Benadeta akaja na mkasi wake mdogo, akapiga goti upande wa pili, akaanza kufumua. Tukaivuta kanga ikachanika, krrrr, na mchicha wangu wote ukatokea hadharani.

Bi Fatma akainama. Akaingiza kidole kwenye kitanzi kimoja, kikanasa. Akavuta, kikaja na vitanzi vingine sita. Akamwangalia Mama Benadeta, akaniangalia mimi, nikaona shavu lake linacheza.

"Haya ndiyo uliyokuwa unayaficha?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile kanga hukuisoma?"

"Sikuisoma, mama. Niliangalia rangi."

"Mtaalamu wa mifarishi ya kisasa," akasema (kumbe na yeye aliiona ile picha!), na hapo akacheka. Bi Fatma, aliyenuna tangu siku ya posa, alicheka mpaka akashika kiti, akaita wenzake, "Njooni muone, njooni, hawa si watukanaji hawa, mtu mwenye matusi hawezi kuwa mjinga hivi!" Wakaja wote. Wakaingiza vidole, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama pale nimeshika wembe huku uwanja mzima unaupapasa uzembe wangu, na sufuria moja moja zikarudishwa jamvini.

Mama Benadeta alipokuwa anafunga mkasi wake aliniambia neno moja tu. "Mchicha."

Ijumaa Zuhura akaolewa. Mfarishi Mama Benadeta aliufumua wote, akautia mgongo mpya, akaushona upya, nami nimekaa pembeni nachora maduara, nachora mpaka leo kila Jumamosi, na wala silalamiki. Kipande kimoja cha ule mchicha alikikata kabla hajafumua, kakitundika ukutani juu ya cherehani yake, na kila mwanafunzi mpya akikataa kushusha kimkono anaonyeshwa kile kitambaa na anatajiwa jina langu. Mimi nimekwishaapa: sishoni kabla sijajaribu kwenye kitambaa kibovu, siendi shubiri bila kugeuza, na kanga yoyote ikiingia mkononi mwangu naisoma kwa sauti kwanza, hata kama ni ya kufungia maandazi.

Kile kipande kingine cha doti kilichopona, Bi Fatma alikiomba, nikadhani anataka kukichoma moto. Kumbe alikipinda vizuri akakiweka. Kila Idi anakuja kunitembelea Masoko amejitanda hichohicho, namsalimia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, halafu kabla hajakaa anageuka polepole, anipe mgongo, na hakai mpaka nisome.