Noti Sita Ambazo Piano Haikuwa Nazo

Kilio cha marehemu mupiga piano wetu kilijaa watu. Wale ambao miaka yote walipita mbele ya mulango wake bila kumuuliza kama amekula, siku hiyo njo walikaa mbele, kwenye viti vya plastiki chini ya bashi, lile turubai la kilio, na nguo nyeusi zilizopigwa pasi. Mimi nilimuimbia katika orkestra moja tangu mimba yangu ya kwanza, nikapewa kiti cha nyuma, karibu na masufuria ya sombe, majani ya muhogo. Sawa. Nina wajukuu kumi na mumoja, wote wamesoma, siwezi kugombania kiti.

Aliyenichokoza ni muntu muzima mwenye kofia, aliyetoka Kinshasa na piano ya umeme. Alipiga ule wimbo wetu wa jazi, ule wa polepole, ambao kila muntu wa Kindu anaujua. Akaupiga na mapengo yake: mahali sita ambapo muziki unakatika kama muntu aliyekanyaga shimo. Halafu akashika mikro, akatufundisha.

"Wazee na mama zangu, hii njo ilikuwa akili ya Mzee. Aliacha kimya ili roho ipumue. Sisi wanamuziki tunaiita mutindo wa Kindu."

Viti vya mbele vikatikisa vichwa. Roho ipumue. Nikacheka mpaka mujukuu wangu akanifinya.

"Koko, watu wanatuangalia."

Waangalie.

Wakati wa vita treni haikufika tena, pirogi za Lokandu hazikupanda muto, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Watoto wangu wanne walikula sombe bila chumvi. Nyuma ya nyumba yangu, katika majani marefu, simbiliki walipita kila asubuhi, panya wakubwa, wanene kuliko sisi. Kulikosa waya wa mutego tu. Na waya ulikuwa ndani ya piano, katika ukumbi wa zamani wa watu wa reli ambamo tulifanyia mazoezi. Asubuhi moja niliingia na koleo, nikaifungua mugongo, nikakata. Nikakata katikati, kwa sababu nyuzi za upande mumoja zilikuwa nene na za upande mwingine fupi. Mwimbaji muzima, nikakata mule mule sauti yangu inamopita. Punda angechagua vizuri zaidi.

Muchana Mzee alikuja kufanya mazoezi. Akagusa noti, ikasema tok, kama kijiko kwenye mufupa. Akagusa sita. Akachungulia ndani, kisha akanitazama.

"Umenasa simbiliki?"

"Wawili."

"Basi leo nakula kwako."

Akala, akalamba vidole. Kama angenitukana ningepumzika. Kesho yake akaniambia, "Umekula noti zangu, sasa utaziimba." Kila mahali piano iliposema tok, mimi niliweka sauti. Ule wimbo wa polepole wote ulizaliwa hivyo.

Vita ikaisha, kifua changu kikachoka, nikaacha kuimba. Yeye akaendelea, na hata alipopata piano nzima hakuyaziba yale mapengo. Watu wa redio wakasema ni ufundi. Hakuna hata mumoja aliyefika kwangu kuuliza.

Basi nikasimama pale kwenye masufuria.

"Papa wa kofia, hiyo haikuwa roho. Ilikuwa njaa. Noti hizo tulizikula na sombe. Rudia."

Akarudia, macho yamemutoka. Kwenye pengo la kwanza niliimba. Sauti yangu siku hizi inakwaruza kama mulango wa banda la kuku, lakini ilianguka pale pale. La pili. La tatu. Viti vya mbele vikageuka. Kwenye la nne yule muntu, sijui kwa adabu ao kwa woga, akalijaza kwa kidole chake, eti ananisaidia.

Nikatembea mpaka kwake, nikamushika mukono.

"Toa kidole. Hapo njo pangu."

Akatoa. Nikaimba ya nne upya, na mbili zilizobaki.