Kabla hamjanunua desktop za ofisi: taipureta mbili tulizojaribu Mafinga

Wakuu, sogeeni mnisikilize kidogo.

Naona uzi wa desktop za ofisi umefika kurasa nyingi, mmegawanyika kambi mbili, na hakuna aliyeuliza ofisi yenyewe inafanya kazi gani.

Mimi mambo ya RAM siyajui vizuri. Ila miaka ya sabini nilikuwa mchapaji wa kiwanda cha mbao Mafinga, na tulichagua mashine ya mezani kama mnavyochagua ninyi. Nilichokiona nitasema nimekiona, nilichosimuliwa nitasema nimesimuliwa.

Wakala wa Iringa alituletea taipureta mbili tuzijaribu, tubaki na moja.

Ya kwanza nyepesi, rangi ya bluu, haina kelele. Ya pili ya chuma, nzito, ukiigonga hata mafundi wa msumeno wanageuka.

Meneja wetu, Ndugu Kihwele, alikaa kwenye ile ya bluu akaandika jina lake. Kwa kidole kimoja. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Dada Tumaini, hii ndiyo mashine. Ile nyingine utadhani inagombana na mtu."

Nami niliandika ukurasa mmoja kwenye kila mashine. Zote safi. Ya chuma ikawekwa kwenye kona isubiri kurudishwa.

Hapa vijana niwaeleweshe. Ofisini kwetu hakukuwa na photocopy. Ukitaka nakala tano unapanga karatasi tano, katikati unaweka kaboni, unaziingiza zote pamoja. Herufi inagonga ya juu, nguvu inashuka mpaka ya mwisho. Kama hujawahi kuona usijali, umeshaelewa.

Na sisi tuligawa nakala kwa vyeo. Ya juu ya meneja. Kisha mkoa, wilaya, faili. Ya mwisho ya dereva.

Dereva ndiye pekee aliyekuwa anaulizwa karatasi njiani.

Dereva wetu Mzee Mgaya akaondoka na lori la mbao kwenda Mbeya, mfukoni kibali cha kusafirisha mbao nilichochapa kwa ile ya bluu, nakala ya tano. Kesho yake dereva wa basi akatuletea kile kibali kutoka Chimala.

Hapa nasimuliwa: mkaguzi wa kizuizi cha barabarani alikiinua juani, akakigeuza, hakuona kitu. Kwa hiyo mbao zikawa za wizi na Mzee Mgaya akawa mwizi. Alikuwa amebakiza kidogo astaafu. Kesi ya kuiba mali ya umma ingemtoa kazini mikono mitupu.

Meneja akanipa kibali. "Soma."

Nikasoma chote, bila kukwama.

"Mbona wewe unaona?"

"Sioni, ndugu. Nakumbuka."

Tukapanda gari la ofisi na nakala yake ya juu.

Chimala tulimkuta mzee kwenye benchi, lori limefungwa mnyororo. Mkaguzi akalinganisha namba ya lori, saini na muhuri. Akafungua mnyororo.

"Pole sana, mzee," meneja akasema.

"Pole ya nini? Nimekula wali wa Chimala, nimepumzika. Ila mashine yenu kweli haina kelele, ndugu meneja. Hata karatasi hazikuisikia."

Mkaguzi akacheka palepale. Meneja alicheka tulipofika Igawa, njiani kurudi.

Tuliporudi nilipanga karatasi tano kwenye ile ya chuma. Ya mwisho ikasomeka. Ya bluu ikarudi Iringa, meneja akahamishia meza yake chumba cha pili, na nakala ya juu ikawa ya dereva.

Nilichojifunza, wakuu: ile ya bluu haikuwa mbovu. Ofisi inayoandika barua moja moja ingeifurahia sana. Sisi tuliipima kwa kazi ambayo hatukuwa tunaifanya. Hata desktop ni hivyo hivyo. Kuwaka haraka dukani hakujakuambia lolote kuhusu kazi yako.

Mliokwisha kusumbuana na mashine za ofisini karibuni mseme, na mnaonipinga karibuni pia.

Na wewe unayekwenda dukani kesho: weka kwenye flash faili zito kuliko yote mnalotumia ofisini, lifungue kwenye kila desktop, lifanyie kazi mpaka mwisho, ndipo ulipe.