Sukari ya mama ilishuka, chumvi ya masufuria ikabaki

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nawaandikia kutoka Quitunda, huku Palma. Haya yametokea nyumbani kwetu, na chumvi siongezi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini naiogopa.

Mama yangu ana kisukari. Pia ndiye muonjaji wa arusi zetu.

Kwa wasiojua: kwetu sufuria la shughuli haliepuliwi mpaka mama anayeaminika aonje na kusema tayari. Hata tulipohamishiwa huku kwenye nyumba za bloku, kazi ilimfuata. Akisema imekolea, hakuna wa kubisha. Hiyo ndiyo heshima yake.

Alipokutwa na sukari tulipambana kweli. Chai bila sukari, mandazi marufuku, muhogo nusu sahani, vidonge kila siku. Akipimwa, majibu mazuri. Tukaanza kutamba mtaani.

Kumbe tulikuwa tunatazama upande mmoja tu.

Siku moja kwenye consulta, kliniki ya kila mwezi, muuguzi hakuishia kumchoma kidole kupima sukari. Alipima presha, akaagiza na damu ya kuangalia mafuta. Vyote viko juu. Akatueleza taratibu kwamba mwenye kisukari moyo wake uko hatarini zaidi, kwa hiyo sukari kutulia peke yake haitoshi. Akaongeza dawa ya presha, akauliza mama anakula nini.

Nikaanza kutaja ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Mama akanitupia jicho moja hilo, nikanyamaza. Masufuria hatukuyataja kabisa. Wakuu, nani huku kwetu anahesabu kuonja kuwa ni kula? Na mama haonji kwa ncha ya kidole. Ni upawa, kila sufuria, asubuhi mpaka mchana.

Arusi iliyofuata alishika kifua akiwa kwenye pilau, akakaa chini. Niliogopa mno, nikajua namkosa hivi hivi. Hospitali wakasema moyo umeelemewa ila tumewahi.

Tukabadilika. Ng'onda basi, samaki mbichi, chumvi ya kunyunyiza tu, kutembea kila jioni. Mwanzoni alinung'unika kwamba nampikia maji. Baadaye akazoea. Presha ikashuka, mafuta nayo yakapungua. Nilifurahi sana.

Ndipo akaolewa binti wa jirani, wakaja kumwomba aonje. Akakubali, kwa kijiko kidogo. Akasema imekolea.

Wageni wakala kimya. Halafu nikaona kibakuli cha chumvi kinapita mkono kwa mkono chini ya kanga, kila mmoja akimficha mama kwa heshima.

Mama akakiona.

Akarudi kwenye sufuria, akaonja tena. Kisha akamkabidhi mama wa bibi arusi upawa.

"Mtafuteni mwingine," akasema. "Ulimi wangu ushabadilika."

Walimbembeleza, akakataa. Njiani alilia. Mimi nilitembea kando yake nikiwa na furaha ambayo nilishindwa kumwonyesha.

Nililojifunza: mwenye sukari, usifurahie kidole peke yake. Uliza presha, uliza mafuta, na mtajie mganga wa hospitali kila kinachopita mdomoni, hata cha kuonja.

Ila nina swali, wakuu. Mama yangu ni mzima. Ngoma za arusi zikipigwa sasa anafunga mlango, anakaa ndani. Waliowahi kumuuguza mzazi, mlimpa nini cha kushika badala ya kile alichokiacha ili aishi?