Niongeze Bidii Wapi?

Wanafunzi wa uuguzi walimwita mwalimu wao Bi Bidii, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna fomu ya mtihani iliyopita mikononi mwake bila kuandikwa kwa wino mwekundu: "Ongeza bidii." Aliyepata themanini aongeze bidii. Aliyepata thelathini, vilevile. Jina lenyewe alilijua na wala halikumkera. Alikuwa na wanafunzi hamsini na wawili, na mkono wa mtu si mashine.

Jumatatu moja binti mmoja alimfuata ofisini, fomu mkononi. Wenzake walimwita Twiga, maana kila mlango aliuinamia, hata usiomgusa. Alikuwa ameshindwa mtihani wa kumpima mgonjwa. Angerudia Ijumaa, na akishindwa tena, kozi imeishia hapo, anafunga virago.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Umeniandikia niongeze bidii. Samahani, niongeze wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Nimefanya mazoezi mpaka mdogo wangu akiniona na saa anakimbia. Nimeshapima nyumba nzima, na jirani juu yake. Kama nakosea, basi nakosea kwa bidii."

Bi Bidii akaitazama fomu. Kwenye mstari wa pumzi Twiga aliandika ishirini na nane kwa dakika. Mwalimu mwenyewe, alipomhesabu mgonjwa yuleyule kabla ya mtihani, alipata kumi na nane. Pembeni, alama ya kosa. Kosa lilitoka wapi? Hakujua. Siku ile alisimama hatua mbili tu kutoka kitandani, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi.

"Chukua saa yako," akasema. "Twende wodini."

Kitanda cha tatu alikuwapo mzee seremala, mwingi wa maneno, anayepona vizuri. Twiga akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akaandika. Kisha akauachia mkono, akatabasamu, akasema kwa adabu zote:

"Babu, sasa nahesabu pumzi zako. Wewe tulia tu."

Mzee akajiweka sawa, akatoa kifua mbele, akaanza kuvuta hewa kama anayepuliza jiko la mkaa.

"Ishirini na saba," akasema Twiga.

"Babu, mbona unahema hivyo?" Bi Bidii akauliza.

"Si anahesabu? Mtoto wa watu kaja na saa yake, nimpe mbili tatu?"

Muuguzi wa zamu akageukia dirishani kuficha kicheko. Bi Bidii hakucheka.

"Nani alikufundisha kumwambia?"

"Wewe, mwalimu. Wiki ya kwanza. Ulisema mgonjwa aelezwe kila anachofanyiwa, asishtukizwe."

Ni kweli, alisema. Kilichobaki hakukisema, akidhani kila mtu anakijua.

"Hilo nililiacha mimi," akasema. "Sikiliza. Ruhusa ya kumpima omba mara moja, mwanzoni. Ukimaliza mapigo usiachie mkono. Endelea kuushika vilevile, macho tu ndiyo yahamie kifuani. Dakika nzima. Pumzi usizitaje, mtu akijua anahesabiwa hahemi kama kawaida yake."

"Ni hapo tu?"

"Hapo tu. Mapigo yako sawa, joto sawa, na wagonjwa wanakupenda. Hayo nayo sikukuandikia."

Wakajaribu. Lakini mzee alikuwa ameshaijua siri na hakutaka kuacha kusaidia, ikabidi wahamie kitanda cha tano.

Ijumaa ikafika. Anayerudia mtihani hupimwa na mwalimu mwingine. Bi Bidii akakaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mtihani, na rundo la fomu mapajani. Juu ya moja akaandika: "Umefunga bandeji vizuri, ila ulinawa mikono baada ya kugusa kidonda, si kabla." Fomu moja, dakika nne nzima. Kwa mwendo huo angemaliza lini? Akavuta ya pili hata hivyo, lakini sikio lilikuwa mlangoni.

Mlango ukafunguka. Twiga akatoka bila kuinama.

"Pumzi?" Bi Bidii akauliza.

"Kumi na sita. Na mtahini naye kapata kumi na sita." Akakunjua fomu, akaisoma tena, uso ukajikunja kidogo. "Nimefaulu, mwalimu. Ila ameniandikia 'Vizuri sana.' Sasa, vizuri wapi?"

Bi Bidii akacheka mpaka fomu zikamwagika sakafuni.

"Rudi ukagonge mlango," akasema, "umuulize."

Twiga akagonga.