Shangazi na Pampu ya Chumvi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alirudi nyumbani Mocímboa moyo wake umechoka na miguu imevimba kama mihogo ya mashamba ya Diaca. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kozi ya uuguzi, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko miguu yake.

Daktari alimwandikia nusu kidonge cha moyo kwa siku. Nikakaa naye barazani nikamweleza mambo ambayo hakuniuliza: kwamba kila seli ya msuli wa moyo ina pampu ndogo ndogo zinazotoa chumvi nje bila kupumzika, na kwamba kuna protini moja inayozishika zisiende mbio. Mtu akishtuka, mwili unapeleka habari, protini ile inalegeza mkono, pampu zinakimbia.

"Na hiki kidonge kinazisukuma?"

"Hapana, shangazi. Kinazizuia kidogo. Chumvi ikibaki ndani, kalsiamu nayo inabaki, na moyo unapiga kwa nguvu zaidi."

Akakigeuza kidonge kiganjani. "Yaani mnaniharibia pampu ili nipone."

"Kidogo tu."

Baada ya wiki mbili miguu ilinywea, akaweza kwenda sokoni kugombana na watu. Hapo akawaza peke yake: kama nusu inafaa hivi, viwili je? Akaanza kumeza viwili, hakumwambia mtu. Nilishtuka siku aliposema mume wake amependeza.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimsifu yule mzee. "Anang'aa," alisema. "Manjano, kama dhahabu." Mzee akajiweka sawa kofia. Kisha shangazi akasema ukuta nao ni wa manjano, na mbuzi, na mimi. Halafu akanitapikia viatu.

Nikamshika mkono. Mapigo yalikuwa machache, tena yanarukaruka; pamoja na ule umanjano machoni, ni dalili za kidonge kuzidi. Moyo wangu mwenyewe ulikwenda mbio kwa wote wawili. Tukampakia kwenye gari la jirani.

Hospitali walimsimamishia dawa, wakamlaza siku kadhaa. Daktari akauliza ni nani aliyemfundisha kuinywa.

"Huyu," shangazi akanyoosha kidole. "Alieleza vizuri sana. Ila hakusema ukizidisha itakuwaje."

Alisema kweli.

Akapona. Siku hizi kidonge nakikata mwenyewe kwa wembe na kumsimamia mpaka ameze. Akimaliza hunifungulia kinywa nikague, na ulimi anautoa nje muda mrefu kuliko inavyohitajika.