Mwanamke Aliyechorwa kwa Mkaa

Mama alikuwa akimfulia nguo padre mzee, Mfaransa, aliyeishi kwetu upande wa Usoke tangu kabla Waingereza hawajaichukua nchi. Padre aliporudishwa kwao kwa maradhi, alimwachia mama picha ya chumbani mwake: mwanamke aliyechorwa kwa mkaa, ameketi, kitambaa kichwani, macho chini, mikono mapajani. Chini yake palikuwa na maneno ya Kifaransa. Mama hakuuliza. Picha imetoka kwa padre, mwanamke kajifunika na ana huzuni. Angekuwa nani kama si Bikira Maria? Akaitundika ukutani na kuivika rozari. Kila jioni tulipiga magoti mbele yake, mimi nikisinzia.

Kisha mdogo wangu, kitindamimba, akashikwa na homa. Baba alitaka apelekwe hospitali Tabora kwa treni. Mama alikuwa ameshaanza novena, sala za siku tisa, na kuikatiza aliona ni kumvunjia heshima Mama wa Mungu.

"Baba yao, tumalize kwanza," alisema.

Baba alikuwa mpole kupita kiasi, na hilo sijamsamehe mpaka leo. Treni tuliisikia ikipiga honi stesheni, ikaenda zake. Siku ya saba mtoto akakata roho mgongoni mwa mama.

Padre mpya alikuja kutupa pole. Alikuwa kijana asiyejua kunyamaza. Akaisogelea picha, akasoma, akatabasamu.

"Mama, hii umeipata wapi? Imeandikwa, 'Mfuaji nguo amepumzika.' Ni mwanamke wa kawaida tu, wa huko Ulaya."

Mama akamshukuru kwa kuja. Padre alipoondoka, mama aliishusha picha akaitazama ile mikono. Nami niliiona vizuri kwa mara ya kwanza: vidole vimevimba, ngozi imechakaa kwa maji na sabuni.

"Mfuaji mwenzangu," alisema. "Siku saba nimemng'ang'ania. Naye angenisaidia nini?"

Tangu hapo sikumsikia tena akiomba kitu. Kanisani alikwenda, akapiga magoti, midomo imefungwa. Niliumia kumtazama.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, miguu imevimba, kichwa kinanigonga. Nikamwambia, "Mama, niombee."

Alikwishajitanda khanga.

"Inuka," alisema. "Twende stesheni."